Presha ya Damu na Presha ya Macho: Ni Mbili, Zipimwe Zote

Mkazi anapoambiwa hospitalini kwamba ana "presha ya macho", mara nyingi hudhani ni presha ile ile inayopimwa kwa mkanda mkononi. Sivyo. Presha ya macho, yaani glakoma, ni ugonjwa tofauti. Hata hivyo, presha hizi mbili hukutana kwenye neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ikifa, hairudi. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mgonjwa akaona tena, lakini macho yaliyopofushwa na glakoma hayarejeshwi.

Glakoma huanzaje?

Jicho hutengeneza maji ndani yake na kuyatoa kila siku. Yasipotoka vizuri, presha ya jicho hupanda na kuikandamiza neva. Kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Aina iliyo ya kawaida zaidi haina maumivu wala wekundu. Mgonjwa hupoteza kwanza uwezo wa kuona pembeni, huku bado akisoma ujumbe kwenye simu. Ndiyo maana wengi hufika kliniki wakiwa wamechelewa.

Mishipa ya damu inahusikaje?

Wakulima wa kando ya Mto Tana wanaijua hali hii. Pampu ikiwa dhaifu, au shamba likiwa juu sana, maji hayafiki na mimea ya mwisho hukauka. Presha ya damu ndiyo pampu. Presha ya jicho ndiyo mwinuko. Neva hukosa damu ya kutosha presha ya jicho ikipanda sana, au presha ya damu ikishuka mno. Ndiyo sababu baadhi ya watu hupata glakoma ingawa presha ya macho yao ni ya kawaida.

Presha ya juu ya damu nayo si salama. Ikikaa miaka mingi bila matibabu huharibu mishipa midogo, sawa na kisukari na uvutaji sigara. Miraa pia hupandisha presha ya damu.

Mambo ya kuepuka

• Kumeza vidonge viwili vya presha usiku kwa sababu cha asubuhi kilisahaulika. Presha ya damu hushuka yenyewe mtu akilala. Ikishushwa zaidi, neva ya jicho hukosa damu. Vilevile, mgonjwa asiache dawa za presha bila ushauri. Amweleze daktari kwamba ana glakoma, ili apangiwe kiwango na saa za kumeza.

• Kuacha dawa ya matone mwezi wa Ramadhani. Mgonjwa amwone daktari kabla ya mfungo. Matone mengi yanaweza kupangwa wakati wa daku na baada ya futari. Wakati wa kufuturu, anywe maji kidogo kidogo, kwani lita nzima kwa mara moja hupandisha presha ya jicho kwa muda.

• Kununua matone ya macho dukani bila kupimwa. Yenye steroidi yanaweza kuleta glakoma yakitumiwa kwa muda mrefu.

Nani apimwe, na wapi?

Aliyefikisha miaka 40, mwenye kisukari au presha, na hasa mwenye mzazi, kaka au dada aliye na glakoma. Wahamasishaji wa afya ya jamii hupima presha ya damu na sukari nyumbani. Presha ya macho hupimwa kliniki ya macho, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Wakazi wa Ijara, Hulugho, Fafi, Dadaab, Lagdera na Balambala waulize rufaa kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Kutunza mishipa ya damu hakuchukui nafasi ya matone, leza au upasuaji. Tiba iliyothibitishwa ya glakoma ni kushusha presha ya jicho. Aliyeandikiwa matone ayatumie kila siku, hata kama anaona vizuri, kwa sababu yanalinda uwezo wa kuona uliobaki.