Kuchagua Marina ya Mediterania kwa Mashua ya Tanga

Mashua ya tanga inayowekwa Mediterania hukaa gatini siku nyingi kuliko zile inazokuwa baharini. Mwenye chombo akipata wiki 6 za kusafiri kwa mwaka, wiki 46 zinazobaki mashua iko peke yake, na nyingi kati ya hizo huangukia Oktoba hadi Aprili, majira ambayo dhoruba za bahari hiyo huvuma. Marina, yaani bandari ya vyombo vya starehe, hupimwa kwa miezi hiyo. Swali la kwanza ni la upepo. Bei na mikahawa hungoja zamu yake.

Mtu aliyezoea pwani ya Afrika Mashariki hugundua jambo moja mapema: maji hayapwi. Mombasa na Unguja, bamvua hupandisha na kushusha bahari karibu mita 4. Sehemu kubwa ya Mediterania tofauti hiyo haifiki hata nusu mita, isipokuwa kaskazini kabisa mwa Adriatiki na katika Ghuba ya Gabès nchini Tunisia. Hali hii ina raha yake, maana kina cha gatini cha leo karibu ndicho cha kesho, na mashua yenye mkuku wa mita 2 haihitaji kuvizia maji. Ubaya ni kwamba hakuna kupweleza. Jahazi la Lamu husubiri kupwa, likalala mchangani, likasuguliwa mwani na kupakwa upya. Mashua ya Mediterania haina budi kunyanyuliwa kwa winchi, na winchi hulipiwa kila ipandapo na kila ishukapo. Marina isiyo na winchi yake wala uwanja wa kuweka vyombo nchi kavu itamgharimu mwenye mashua safari ya pili ya kwenda kuitafuta kwingine.

Upepo wa Mediterania una majina kwa kila pembe, na majina hayo yafaa kujulikana kabla ya kutia saini mkataba wowote. Mistral hushuka bonde la mto Rhône na kuichafua Ghuba ya Lion, kusini mwa Ufaransa. Bora huporomoka kutoka milimani hadi pwani ya Kroatia. Chini ya Velebit, karibu na Senj, vishindo vyake hufikia mara nyingine kilomita 200 kwa saa. Meltemi ni upepo wa kiangazi wa Bahari ya Aegean, mkali zaidi Julai na Agosti, nao huvuma mbingu ikiwa safi bila wingu la kuonya. Sirocco hutoka Sahara pamoja na vumbi, na mvua yake ikikauka huacha matope mekundu juu ya sitaha na ndani ya kila kamba. Upepo huu wa kusini ndio wa kuogopwa zaidi kwa marina zinazotazama bahari wazi, kwa sababu una nafasi ndefu ya kulea mawimbi.

Kipimo chake ni rahisi: ramani ya bahari hufunguliwa, mlango wa marina hutazamwa umeelekea wapi, na uelekeo huo hulinganishwa na upepo mbaya wa majira ya baridi wa mahali hapo. Rapallo, katika pwani ya Liguria nchini Italia, ilikuwa na marina ya fahari. Tarehe 29 Oktoba 2018 dhoruba ya kusini ilibomoa ukuta wake wa kukinga mawimbi, na mamia ya boti zikasukumwa juu ya mawe na barabara. Kinyume chake ni Cartagena, Uhispania, bandari iliyozungukwa na vilima, ambayo Wakarthago waliichagua kwa manowari zao zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Sababu zao bado ni halali.

Namna ya kufunga chombo nayo yataka kueleweka. Katika marina nyingi mashua haifungwi ubavu. Tezi huelekea gatini, na omo hushikwa na kamba iliyofungwa kwenye uzito chini ya maji. Nahodha hurudi kinyumenyume kati ya majirani wawili, dafrao zikilia pande zote mbili, huku mtu wa pili akiiokota kamba hiyo kwa mti wenye ngoe. Huja imejaa utelezi na chaza wadogo wakatao viganja, kwa hiyo glavu huwa tayari. Kamba hiyo na mnyororo wake ndivyo vinavyoishikilia mashua Januari. Ofisi ya marina iulizwe mara ya mwisho mpiga mbizi alivikagua lini, na ikisitasita kujibu, hilo ni jibu tosha.

Baada ya upepo ni sheria, na hapa makosa ni ghali. Uhispania, Ufaransa, Italia, Malta na Ugiriki zimo katika eneo la Schengen, na Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya, na asiye na kibali cha kuishi, hukaa humo siku 90 tu katika kila siku 180. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huhitaji viza kwanza. Mashua ina hesabu yake tofauti. Iliyoandikishwa nje ya Umoja, na mwenyewe akiwa mkazi wa nje, huruhusiwa kukaa miezi 18 bila Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ikizidisha, kodi hudaiwa juu ya thamani ya chombo chote, asilimia 25 Kroatia, 24 Ugiriki, 18 Malta. Wengi huvuka hadi Uturuki, Montenegro au Tunisia, wakachukua hati za kuingia, kisha hesabu ikaanza upya. Uturuki hukiruhusu chombo cha kigeni kukaa hadi miaka 5. Lakini mashua iliyokwisha kulipiwa kodi Ulaya ikikaa nje zaidi ya miaka 3 yaweza kupoteza haki ya kurudi bila kulipa tena.

Anayesafiri miezi michache tu kwa mwaka afikirie nchi kavu. Mfano mzuri uko Aktio, ng'ambo ya mji wa Preveza, magharibi mwa Ugiriki, palipopiganwa vita vya majini mwaka 31 kabla ya Kristo. Leo nyanja kubwa za vyombo zimepangana hapo, uwanja wa ndege uko karibu, na Bahari ya Ionia yenye visiwa vya Lefkada na Ithaka iko mbele. Mashua ikikauka, chini yake huonekana wazi na hofu ya kuzama huondoka. Kilichobaki ni mlingoti, ambao hukamata upepo hata nchi kavu: egemeo liwe na miguu ya kutosha, nalo lifungwe ardhini kwa mikanda.

Bei hutozwa kwa urefu na upana, na katamarani hulipa mara nyingi moja na nusu au zaidi. Umeme na maji aghalabu huwa juu ya hapo. Ufaransa na Uhispania marina za manispaa zina bei nafuu na orodha za kusubiri za miaka. Wanaokusudia kuishi ndani ya chombo wakati wa baridi hupata majirani Cartagena na Almerimar za Uhispania, Licata ya Sisilia au Marmaris ya Uturuki.

Ziara ya ukaguzi ifanywe Februari, siku moja au mbili baada ya dhoruba. Kamba za majirani zitazamwe: zikiwa zimefungwa maradufu na kuvishwa mipira dhidi ya kukwaruzika, mawimbi huingia. Chumvi iliyokauka nyuma ya ukuta wa nje huonyesha bahari ilikoruka. Soketi za umeme zifunguliwe vifuniko, na mlinzi wa usiku aulizwe, kwa jina la mashua yoyote iliyo mbele yake, alipita lini kuiangalia.