Sarafu ya Kale Shingoni: Ipi ya Kuvaa, Ipi ya Kupeleka Fort Jesus

Kidani chenye sarafu kuukuu katikati hakikosi mnunuzi. Mgeni anayepita ufuoni Bamburi au Shelly Beach hukiona kuwa kumbukumbu ya safari, na bibi harusi wa Likoni hukiona kuwa pambo la asili. Kwa kijana anayejifunza ufundi wa mapambo ni kazi inayoweza kumpa kipato: vifaa vyote vinaingia katika mkoba mmoja na chumba kidogo kinatosha.

Lakini si kila sarafu ni malighafi. Iko ya kuvaa, na iko ambayo ukiitoboa unaweza kujikuta mahakamani, tena umeharibu kitu ambacho hakuna sonara atakayekirudisha. Somo hili linafunza kuzitofautisha, kisha linaeleza namna ya kuivalisha sarafu fremu bila kuitia tundu.

Fedha ya mkononi

Katika lugha yetu neno fedha ni madini na pia ni kitu cha kununulia. Hilo si jambo la bahati. Kwa muda mrefu hapa pwani akiba ya mwanamke ilikaa mikononi na miguuni mwake, katika vikuku, na vikuku hivyo mara nyingi vilizaliwa na sarafu. Iliyotumika sana ni ile wazee waliyoiita reale ya Shamu, sarafu kubwa ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa. Ina uzito wa takriban gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha safi. Sonara alijua hesabu yake bila mizani ya kisasa: reale nne ni gramu 112, na hapo vikuku viwili vyepesi vinapatikana. Nyingine hazikuyeyushwa, zilining'inizwa nzima kwenye mkufu, huku kwetu na kule Oman pia.

Kwa hivyo asidanganywe mtu kwamba ufundi huu umeletwa na watalii. Lamu masonara huchukua kipande cha sahani ya kale ya kaure iliyovunjika, wakakiweka juu ya pete ya fedha, na pete hizo zimejulikana mbali. Ni wazo lilelile la kukipa kitu cha zamani kiti kipya.

Reale ina mtego mmoja ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo, Vienna na pia katika miji mingine ikiwemo London na Bombay, hadi karne ya 20. Reale iliyoandikwa 1780 inaweza kuwa changa kuliko babu yako. Anayekuonyesha tarehe hiyo na kutaka bei ya miaka zaidi ya 200 ama hajui, ama anajua sana.

Mstari wa mwaka 1895

Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Sarafu imo. Vitu vya kale vilivyolala juu ya ardhi au chini yake ni mali ya Serikali, hata kama shamba ni lako na hati unayo. Aliyegundua kitu cha kiakiolojia anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata, na kukikabidhi. Kukitoa kitu cha kale nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Tuiweke sheria hiyo mezani pamoja na sarafu zenyewe.

Sarafu za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni, zile zenye simba na milima upande mmoja zilizoanza 1921, ziko upande salama wa mstari. Vivyo hivyo senti zenye tundu katikati ambazo wazee bado wanazo kwenye mikebe: ndururu, yaani senti tano, na senti kumi. Kenya ilianza kutoa fedha yake mwaka 1966 na hizi zikaacha kutumika. Kwa anayejifunza hakuna sarafu bora zaidi. Tundu limekuja nazo kutoka kiwandani, na unachohitaji ni uzi wa ngozi na shanga mbili.

Pesa ya Mombasa ni habari nyingine. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyotawala hapa kabla ya serikali ya Waingereza yenyewe, ilitoa sarafu zenye jina Mombasa na mwaka 1888. Pesa za Zanzibar za Sultani Barghash, zenye mizani, zina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Hizi zote zimetangulia 1895. Kama uliachiwa na bibi yako, kuihifadhi nyumbani si kosa. Ila usiiguse kwa drili, na usimuuzie mgeni anayesafiri. Yeye ndiye atakayeulizwa maswali pale uwanja wa ndege wa Moi, na akiulizwa atataja duka lako.

Udongo nao una habari

Wengi wanakubali kwamba sarafu ya dhahabu ipelekwe makavazi. Kinachowashinda kuelewa ni kwa nini kijisarafu cha shaba kilichoota kutu ya kijani, chepesi kuliko kifungo cha shati, kiwe na maana kwa mtu yeyote.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa. Hazina mwaka wala thamani iliyoandikwa, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, yenye vina vinavyolingana na jina hilo. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu chache ufuoni katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Alizitia kwenye mkebe na kuweka alama kwenye ramani mahali alipozipata. Mwaka 1979 alizipeleka zikaguliwe, na tano zikatambuliwa kuwa za Kilwa. Hadi leo wataalamu wanajadili zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi. Mjadala huo upo kwa sababu ya ile alama ya ramani. Bila alama, zingekuwa vipande vitano vya shaba katika mkebe.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walipata Mambrui, kaskazini mwa Malindi, sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Mwaka 2013 nyingine ya enzi hiyo ikapatikana kisiwani Manda. Sarafu za Kichina zina tundu la mraba katikati, tayari kwa kutungwa uzi. Fikiria kijana angeiona kwanza, akaisugua, akaitunga shanga na kuiuza ufuoni siku hiyo hiyo. Pambo lingependeza, na habari ya merikebu za China kufika pwani yetu ingepoteza ushahidi wake mmoja.

Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Kwa sonara huo ni mzigo wa kuyeyusha. Kwa mwanahistoria ni majina ya watawala wa Kiswahili, wakiwemo ambao hakuna kitabu kilichowataja.

Bara ya Mombasa nayo inachimbwa kila siku. Misingi ya nyumba inachimbwa Mtongwe, visima Mwakirunge, mashimo ya vyoo Miritini, na mvua kubwa humomonyoa kingo za ufuo. Anayeshika jembe ndiye wa kwanza kuona.

Mama na fundi

Tuseme mama wa Mtongwe anaingia kwa fundi na kitambaa mkononi.

“Hodi fundi. Mwanangu kaokota hii wakichimba msingi. Nataka unitilie tundu nimpe mkaza mwanangu.”

“Karibu mama, shikamoo. Hebu niione. Imeshasuguliwa?”

“Marahaba. Nimeigusa ndimu kidogo tu upande mmoja.”

“Basi ishie hapo, mama. Hii imetoka ardhini, mimi siwezi kuitoboa. Andika leo mahali ilipotoka na kina chake, twende nayo Fort Jesus. Huyo mkwe nitamfanyia kidani cha shilingi ya simba, na hata tundu haitakuwa nalo.”

Fundi huyo amepoteza kazi moja na papo hapo ameuza nyingine. Na angalieni ile ndimu. Ndimu, ukwaju, jivu na msasa vinang'arisha shaba, lakini hula maandishi. Kutu ya kijani iliyotulia mara nyingi ndiyo iliyobaki na umbo la herufi, na ikitoka inatoka nazo.

Kuivalisha bila kuitoboa

Hata sarafu iliyo halali kuvaa haifai kutobolewa. Tundu linaipunguzia thamani kwa wakusanyaji, na mteja akitaka kuirudisha kwenye kabati hawezi. Njia ya mafundi wazuri ni kuijengea fremu.

Chukua shilingi ya simba. Upana wake ni karibu milimita 28. Kata ukanda wa bati la fedha au shaba ya njano wenye unene wa nusu milimita na upana wa milimita nne. Urefu wa ukanda hupatikana kwa kujumlisha upana wa sarafu na unene wa bati, kisha kuzidisha kwa 3.14: yaani 28.5 mara 3.14, karibu milimita 90. Ukisahau kujumlisha unene, pete itabana na utaanza upya. Kunja ukanda uwe duara, lehemu ncha zake, kisha lehemu ndani yake waya mwembamba utakaokuwa ukingo wa kuikalia sarafu. Juu lehemu kipete cha kupitishia mkufu. Moto wote umalizike kabla sarafu haijaingia, maana joto hubadilisha rangi yake moja kwa moja. Fremu ikishapoa, iosheni na kuilainisha kwa tupa, pachika sarafu, kisha ulaze mdomo wa fremu juu yake taratibu kwa chuma laini kisicho na ncha, ukianza pande zinazotazamana. Ukienda kwa mzunguko wa upande mmoja sarafu itakaa mshazari.

Asiye na moto anaweza kutumia waya mnene na kuufinyanga kuwa kucha nne zinazoishika sarafu. Si imara kama fremu, lakini kwa kuanzia inatosha.

Afya nayo izingatiwe. Shilingi za kuanzia 1948 zina nikeli, na wako watu ambao ngozi huwawasha wakigusana nayo. Kwao fremu iwe na mgongo wa fedha ili sarafu isiguse kifua. Lehemu mahali penye hewa, na ukitumia tindikali kusafisha, mimina tindikali ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya tindikali.

Nakala iliyokiri kuwa nakala

Anayetaka sura ya sarafu ya kale kweli, mfano ya Kilwa, atengeneze nakala. Ufuoni huokotwa lile gamba jeupe jepesi la ngisi. Mafundi wa madini hulipasua, wakachonga umbo upande wa ndani ulio laini, wakafunga vipande viwili na kumimina shaba au fedha iliyoyeyuka. Gamba moja hutoa pambo moja, na mistari yake huacha alama nzuri kama ya mawimbi. Chonga kwa kutazama picha, usikandamize sarafu ya kale yenyewe. Nyuma gonga neno NAKALA. Sarafu za Kenya zinazotumika leo zisinakiliwe kabisa, hiyo ni kesi ya jinai.

Hapa bara tuna majirani wa kazi kama hii. Karakana za Bombolulu, zilizoanza 1969, zimefunza na kuajiri watu wenye ulemavu katika utengenezaji wa mapambo, na wachongaji wa ushirika wa Akamba kule Changamwe wanaujua mti vizuri. Nakala ya shaba ndani ya fremu ya mpingo ni kazi ambayo fundi wa Kisauni na mchongaji wa Changamwe wanaweza kuifanya pamoja.

Ukiokota sarafu

Usiioshe, usiipake mafuta. Ifunge kwenye karatasi kavu, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu ukifungiwa huendelea kuila. Piga picha shimo au mahali ulipoipata kabla halijafukiwa. Andika tarehe, jina la mtaa, kina cha shimo na vitu vingine vilivyokuwa karibu: vigae, shanga, mifupa, jiwe la ukuta. Usiendelee kuchimba kutafuta ya pili. Kisha, kabla siku saba hazijaisha, ifikishe makavazi ya Fort Jesus. Mkaazi wa Likoni avuke feri na yule wa Kisauni apite daraja la Nyali. Ukifika mlangoni sema umeleta kitu ulichokipata ardhini, na uwe na ile karatasi ya maelezo mkononi, kwa kuwa ndiyo watakayoiulizia kwanza.