JUA LAWEZA KUTUPIKIA MBOLEA?



Mzee mmoja mwenye shamba la mfereji karibu na Lodwar alifika ofisini akaniuliza, "Bwana Karani, mbolea ni ghali, na jua hili latuchoma bure. Haliwezi kutupikia mbolea?" Swali hili ni la busara, basi na tulijibu.

Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni, nacho ndicho chakula kinachoyapa majani ya mtama rangi ya kijani. Lakini mmea hauwezi kuila ilivyo, kwa kuwa chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi. Sharti zitenganishwe kwanza. Mwaka 1905 kiwanda cha Notodden, nchi ya Norwe, kilizitenganisha kwa moto wa umeme wa nyuzi 3000 hivi. Mwaka 1913 Wajerumani walifungua kiwanda Oppau. Joto lake lilikuwa dogo zaidi, lakini kwa mgandamizo mkubwa sana.

Na jua je? Mwaka 1995 majiko ya jua ya karatasi ngumu yenye kung'aa yaliletwa kambi ya Kakuma. Jiko kama hilo huivisha maharagwe, lakini joto lake ni nyuzi 100 hivi tu. Huko Odeillo, Ufaransa, vioo vikubwa hukusanya jua mpaka joto lifike nyuzi 3000. Wataalamu wanajaribu kutengeneza mbolea kwa joto la jua, lakini kazi hiyo bado imo katika majaribio. Mtu akikuuzia kioo cha kupikia mbolea, usitoe fedha yako.

Hata hivyo, kiwanda cha jua unacho: ni kunde. Majani yake hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Sukari hushuka mizizini kuwalisha vijidudu wakaao ndani ya vinundu, nao huitenganisha naitrojeni bila moto.

Fanya hivi:

1. Kunde zikianza kutoa maua, chimbua mche mmoja taratibu. Usiuvute, vinundu vitabaki ardhini.

2. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Vyote vikiwa vyeupe, mwite Bwana Shamba.

3. Ukivuna, iache mizizi. Majani yafukie, au wape mbuzi na urudishe samadi shambani. Usiyachome: moto huirudisha naitrojeni hewani.

4. Msimu ufuatao panda mtama papo hapo.

Maswali: Kwa nini mtama hauwezi kula naitrojeni ya hewani? Je, vinundu vya kunde zako vina rangi gani ndani?