Katika Kulijua Koromeo na Herufi za Kooni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa wako watu wazima miongoni mwetu wasomao “nabudu” mahali pa “na‘budu”, wakaiangusha ain nzima. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, Fatiha ni nguzo ya Sala. Mwenye kuacha herufi yake moja, hali aweza kujifunza, kisomo chake hakisihi. Basi yatupasa tukijue chombo tusomeacho.

Weka kidole shingoni, utaligusa koromeo. Limejengwa kwa gegedu tisa, nazo si mifupa, bali ni ngumu zenye kupindika, mfano wa sikio. Tatu ni moja moja: ngao, itokezayo mbele ya shingo, na chini yake pete, mfano wa pete ya muhuri, upande wake mpana uko nyuma, na kifuniko, mfano wa jani, kiinamacho wakati wa kumeza ili tonge lisiingie njia ya pumzi. Sita zilizosalia ni jozi tatu: mbili zimekaa juu ya upande mpana wa pete, nazo huzunguka, mbili ndogo, mfano wa pembe, ziko juu ya hizo, na mbili, mfano wa kabari, ziko karibu nazo.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 wa Hijra (1037), aliandika risala juu ya sababu za kutokea herufi, na humo akaieleza ngao hiyo.

Toka ngao hata zile mbili zizungukazo zimenyoshwa kano mbili. Zikikutana zikaizuia pumzi, kisha zikaachana ghafula, hutoka hamza. Zikiwa wazi, pumzi ikapita, hutoka he ya “huwa”. Ama ain, na ha ya “Alhamdu”, makhraji yake ni katikati ya koo, juu ya kano hizo: shina la ulimi na kifuniko hurudi nyuma, njia ikawa nyembamba. Ghain na kha ziko juu zaidi, karibu na kinywa.

Kwa hiyo, mwenye kuitafuta ain kwa kuzifunga kano atapata hamza tu. Na alirudishe nyuma shina la ulimi, pumzi isikatike, kisha asome mbele ya mwalimu, kwani sikio la mwalimu husikia lisilosikiwa na msomaji. Wala mwenye mvi asione haya kukaa mkekani pamoja na watoto. Haya ni kusimama mbele ya Mola wake kwa kisomo kipungufu, na mwalimu yu jirani yake.

Wabillahi taufiki.