Neno Moja Katika Mathayo: Wakristo na Talaka

Ndugu msomaji, Mwislamu akizungumza na jirani yake Mkristo juu ya ndoa, mara nyingi huambiwa kwa mkato kwamba Ukristo hauruhusu talaka. Naye Mwislamu, akiwakumbuka Wakristo aliowaona wakipeana talaka mahakamani na kufunga ndoa nyingine kanisani, humwona mwenzake kuwa mnafiki. Wote wawili wamekosea. Hakuna fundisho moja la Kikristo juu ya talaka. Yako mafundisho kadhaa, na yote yametoka katika aya chache ambazo kila mtu aweza kuzifungua na kuzisoma.

Kwanza ifahamike swali lenyewe lilitoka wapi. Torati (Kumbukumbu la Torati 24:1-4) inamtaja mume anayempa mkewe hati ya talaka kwa kuwa ameona kwake jambo la aibu. Jambo gani hilo? Hapo ndipo walimu wa Kiyahudi walipogawanyika. Wafuasi wa Shammai walisema ni uchafu wa mwenendo tu. Wafuasi wa Hillel walisema hata mke akiunguza chakula, yatosha. Mafarisayo walipomwendea Nabii Isa a.s. na kumwuliza kama mume aweza kumwacha mke kwa sababu yoyote ile (Mathayo 19:3), walitaka kumwingiza katika ugomvi huo. Jibu lake lilikuwa kali, wala si ajabu. Mwanamke wa zama zile aliyetupwa nje kwa sababu ya chungu kilichoungua angekwenda wapi?

Lakini jibu hilo limeandikwaje? Katika Marko 10:11-12 na Luka 16:18 halina mlango wowote: anayemwacha mwenziwe na kuoa mwingine anahesabiwa mzinzi. Mathayo, mara mbili (5:32 na 19:9), ana maneno machache zaidi, yanayotenga pale penye uasherati. Neno la Kiyunani lililoko hapo ni porneia, na wataalamu wa Kikristo wenyewe hawajapatana juu yake. Wengine husema ni zinaa ya mke. Wengine husema ni ndoa baina ya jamaa waliokatazwa kuoana, ambayo tangu mwanzo haikuwa ndoa. Kisha Paulo, katika 1 Wakorintho 7:12-15, anafungua mlango wa pili: mwenzi asiyeamini akijiondokea, aliyeamini hafungwi. Angalia, msomaji, kwamba hapo Paulo anakiri waziwazi kuwa hayo ni maneno yake, si ya Bwana wake.

Basi kila Kanisa limejenga nyumba yake juu ya aya iliyopenda. Kanisa la Roma limeshika Marko, na Mtaguso wa Trento ulilithibitisha hilo mwaka 1563: ndoa kamili ya wabatizwa wawili huvunjwa na mauti tu. Hata hivyo mahakama ya Kanisa yaweza kutamka kwamba ndoa fulani haikuwapo tangu mwanzo, kwa mfano ikiwa mmoja alilazimishwa, na mwaka 2015 Papa Fransisko alifupisha utaratibu huo. Aliyepata talaka ya serikali na kuoa tena, kwa desturi hapokei Komunyo. Waraka wa Papa huyo wa mwaka 2016 ulizusha mabishano makubwa juu ya jambo hilo. Kanisa la Othodoksi la Mashariki husema kwamba dhambi yaweza kuiua ndoa, hivyo huruhusu ndoa ya pili na hata ya tatu, pamoja na sala za toba. Ya nne ilipigwa marufuku mwaka 920, baada ya Kaisari Leo VI wa Constantinople kuoa mara nne akitafuta mrithi wa kiume. Ama Luther na Calvin, wao walishika Mathayo pamoja na Paulo: aliyefanyiwa zinaa, au aliyetelekezwa, aweza kuoa tena.

Uingereza yastahili kutazamwa kwa kirefu zaidi. Wengi hudhani kwamba Kanisa la huko lilizaliwa ili kuruhusu talaka, kwa sababu ya Mfalme Henry VIII. Sivyo. Alichopata Henry mwaka 1533 ni kubatilishwa kwa ndoa, na Kanisa lake likabaki na sheria kali kuliko Waprotestanti wengi wa Ulaya. Mahakama zake ziliweza kuwatenganisha mume na mke, lakini bila ruhusa ya kuoa tena. Aliyetaka talaka kamili ilimbidi kuombewa sheria yake pekee Bungeni, jambo la matajiri tu. Hadi mwaka 1857 waliofaulu walizidi 300 kidogo, na kati yao wanawake walikuwa wanne.

Sheria ya mwaka 1857 ilileta mahakama ya talaka, lakini kwa mizani miwili. Mume ilimtosha kuthibitisha zinaa ya mkewe. Mke ilimpasa kuthibitisha zinaa pamoja na ovu jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1923. Marko anawataja mume na mke kwa kipimo kimoja, kwa hiyo dhuluma hii haikutoka katika Injili. Ilitoka kwa wanaume walioisoma.

Wala Mwislamu asicheke. Wako miongoni mwetu watamkao talaka kwa sababu ya chungu kilichoungua hasa, bila kuwaita wasuluhishi wa pande mbili walioamriwa katika Kurani Tukufu (Sura An-Nisaa), na wako wanaomzuilia mke haki yake ya khula.

Tuendelee. Mwaka 1936 Mfalme Edward VIII aliacha kiti cha enzi ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke aliyekuwa ameachana na waume wawili. Mwaka 1955 binti wa mfalme, Margaret, alitangaza kwamba hataolewa na Peter Townsend aliyekuwa na talaka, akitaja mafundisho ya Kanisa. Lakini mwaka 2002 Sinodi ya Kanisa hilo ilikubali kwamba, katika hali za pekee, aliyeachika aweza kufungishwa ndoa kanisani hali mwenzi wa kwanza yu hai. Mwaka 2018, katika ukoo ule ule wa Edward, Harry alimwoa Meghan Markle, mwenye talaka, ndani ya kanisa la Windsor, na Askofu Mkuu wa Canterbury ndiye aliyewafungisha.

Hata hivyo uamuzi wa mwaka 2002 haukumlazimisha padre yeyote; kila mmoja ameachiwa dhamiri yake. Kwa hiyo mwanamke aliyetelekezwa na mumewe, akitaka kuolewa tena, aweza kukataliwa katika parokia moja na kupokewa katika ya jirani, na Biblia iliyofunguliwa mbele ya mapadre hao wawili ni ile ile.