Nyumba Yenu Mpya: Mchora Ramani au Kampuni ya Ujenzi?

Wewe na mwenzako mmeweka akiba kwa miaka mingi, kiwanja kimepatikana na mkopo wa ushirika umekubaliwa. Hapo ndipo mume na mke wengi huanza kununiana. Bwana anataka kampuni moja ichore, ijenge na kuwakabidhi ufunguo. Bibi anataka kwanza wamwone msanifu wa majengo, yule tuliyezoea kumwita mchora ramani, ndipo atafutwe mjenzi. Nani ana haki?

Fahamuni tofauti. Msanifu hajengi. Yeye huchora, hushughulikia idhini ya kaunti na, mkimlipa kwa kazi hiyo pia, hufika kiwanjani kuona kama ramani inafuatwa. Analipwa na ninyi, basi yuko upande wenu. Kampuni huweka yote katika mfuko mmoja: bei moja, mtu mmoja wa kulaumiwa, na kazi huanza upesi. Hizo si faida ndogo. Lakini anayekagua simiti na vyuma ni mtumishi wa yule anayevinunua. Vyuma vikipunguzwa ndani ya nguzo, ninyi mtaona nini? Mtaona plasta laini na rangi nzuri.

Kwa maoni yangu, ugomvi huu mwingi huamuliwa na udongo. Sehemu za Kitengela, Athi River na Mwea zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi wa kawaida ukikaa juu yake, kuta hupasuka pia. Bei ya kampuni iliyopigwa kabla ya shimo kuchimbwa haina maana mahali kama hapo. Itaongezwa, na mtakuwa mmekwisha kutia sahihi. Kwenye udongo huo, au kwenye mteremko, anzeni na msanifu pamoja na mhandisi.

Fanyeni vivyo hivyo ikiwa mtajenga kidogo kidogo, vyumba viwili mwaka huu na sebule pesa zikipatikana. Ramani njema huonyesha tangu mwanzo mahali ukuta utakapofunguliwa baadaye. Ulizeni tu kaunti idhini yake hudumu muda gani.

Lakini kama kiwanja ni tambarare, udongo ni imara, nyumba ni ya kawaida ya vyumba vitatu na fedha zote zipo, sioni ubaya wa kampuni. Ila mtafuteni mhandisi wenu wenyewe, mmlipe aje siku tatu tu: kabla ya simiti ya msingi kumwagwa, kabla ya ile ya mkanda wa juu ya madirisha, na kabla ya mabati kupigwa. (Wengine huona hasara kumlipa mtu huyu, kisha wananunua lango la thamani mara tatu ya malipo yake.)

Yeyote mtakayemchagua, ombeni nambari yake ya usajili. Wasanifu na wakadiriaji wa gharama husajiliwa na bodi yao. Wakandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, katika ngazi 8. Ya 1 ndiyo ya juu. Msidharau wa ngazi ya 7 au ya 8, kwani nyumba yenu si ghorofa ya mjini. Nendeni mkaone nyumba aliyoijenga miaka mitatu iliyopita, mwongee na mama mwenye nyumba kuhusu paa na choo.

Lipeni kwa hatua, kazi ikiisha kukaguliwa, na zuieni sehemu, kama asilimia 5 au 10, hadi mvua moja ipite.

Tena, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haimruhusu mmoja wenu kuweka rehani nyumba ya ndoa bila kibali cha mwenzake kwa maandishi. Basi bwana asikubali mkopo peke yake kisha akaleta habari mezani. Na ikiwa yeye anafanya kazi Mombasa na bibi ndiye anayeona malori yakishusha mawe, jina la bibi liwe katika mkataba, na iandikwe humo kwamba hakuna hatua itakayolipwa kabla yeye hajatia sahihi.