Gari Lako Limeitwa, Nawe Huna Habari

Jumapili moja asubuhi shemeji yangu alinipigia simu nikamsaidie, Toyota Vanguard yake imegoma. Taa za dashibodi zilikuwa zinafifia, starta inalia mara moja na kunyamaza. Nikafungua boneti. Betri ilikuwa mpya kabisa, kainunua wiki mbili nyuma, ila ilikuwa ndogo kuliko nafasi yake. Aliyeifunga alijaza pengo kwa kipande cha kandambili, kisha akaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukiisukuma kwa kidole, inacheza. Kile kishikizo cha chuma kilichokuja na gari kilikuwa kimeachwa kinaning'inia, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye kichwa cha chanya.

"Mradi iwake tu, shemeji," akasema.

Nikamwambia hofu yangu ndiyo hiyo, isije ikawaka kweli.

Sikuwa natania. Novemba 2023 Toyota iliita zirudishwe kutengenezwa RAV4 zipatazo milioni 1.85 nchini Marekani, za miaka ya 2013 hadi 2018, kwa sababu inayofanana sana na kandambili ya shemeji. Baadhi ya betri za kubadilishia, ingawa zinauzwa kuwa za saizi ya gari hilo, zina sehemu ya juu iliyo ndogo kuliko nyingine. Kishikizo kisipokazwa sawasawa, betri inasogea gari linapokata kona kwa nguvu, kichwa cha chanya kinagusa chuma cha kishikizo, umeme unapiga shoti na moto unaanza. Dawa yake ilikuwa kishikizo kilichoboreshwa, sinia jipya la kukalia betri na kifuniko cha kichwa cha chanya. Vitu vidogo vya gereji.

Kinachonivutia zaidi ni namna jambo hilo lilivyoanza. Wakala wa usalama barabarani wa Marekani, NHTSA, ulifungua uchunguzi mwanzoni mwa 2021 ukiwa na malalamiko 11 ya moto kutoka kwa wenye magari. Kumi na moja tu, katika magari yanayokaribia milioni 1.9. Wengi walisema moto ulianza wakiwa njiani, wachache wakasema injini ilikuwa imezimwa. Kila mmoja peke yake angeonekana kama mtu mwenye bahati mbaya, au mwenye fundi mbaya. Yalipowekwa pamoja, yote yakiutaja upande uleule wa injini, ikawa shida kuyaita bahati mbaya.

Mwito wa kurudisha gari, kwa ufupi, ni mtengenezaji kukiri kwamba gari lina kasoro inayogusa usalama, kuitaarifu serikali, kumwandikia mwenye gari na kulitengeneza bila malipo. Hauhusu rangi kubabuka wala redio kukoroma. Tatizo kwetu ni hiyo barua. Inatumwa kwenye anwani ya mtu ambaye jina lake limo kwenye rejesta ya nchi lilikosajiliwa gari. Mtu huyo yuko Nagoya, au Leeds, na gari alikwisha kuliuza zamani. Limepita mnadani, likapanda meli, likakaa yadi, likashikwa na dalali mmoja au wawili, ndipo likakufikia wewe na zulia jipya la miguuni. Gari limevuka bahari, barua imebaki ng'ambo.

Chukua hiyohiyo Vanguard. Ilitengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo karibu kila unayoiona Kariakoo au Ngong Road ilianza maisha kwa mtu mwingine. Februari 2016 Toyota ilitangaza kuita magari milioni 2.87 duniani, RAV4 na ndugu yake huyo, kwa ajili ya mikanda ya siti za nyuma. Kwenye ajali kubwa ya mbele, mkanda ulikuwa na uwezekano wa kukutana na ukingo wa fremu ya chuma ya siti na kukatwa. Magari yapatayo 177,000 kati ya hayo yalikuwa Japani. Matengenezo yalikuwa kuuvisha ukingo ule kifuniko cha plastiki ngumu. Sasa piga hesabu mwenyewe: Vanguard iliyotoka Japani 2014 au 2015 iliondoka kabla mwito haujatangazwa. Hakuna aliyeifunika fremu hiyo huko, na kama mwenye gari wa hapa hakuulizia, hakuna aliyeifunika huku. Nyuma ndiko tunakokalisha watoto.

Kuulizia kunaanza na namba ya chesisi. Ipo kwenye kadi ya gari na kwenye kibao cha bati garini kwenyewe. Zisome zote mbili ulinganishe, maana namba zikipishana una tatizo jingine kabla hata ya hili. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wajapani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba: ACA33 kwa Vanguard nyingi, NT31 kwa X-Trail, SH5 kwa Forester, na kadhalika. Ukiijaza kwenye tovuti ya kutafuta miito ya Marekani utaambiwa namba si sahihi, nawe utadhani gari ni salama. Nimeona watu wakidanganyika hivyo. Namba ya Kijapani inatafutwa kwenye tovuti ya kampuni ya Japani, ambayo ina kisanduku cha kuijaza. Maandishi ni ya Kijapani, lakini simu yako inaweza kuyatafsiri vya kutosha kujua kama kazi imefanyika au bado. Gari la Uingereza linatafutwa kwa namba yake ya usajili ya huko, ile ya kibao cha zamani, kwenye huduma ya bure ya serikali yao. Ndiyo maana ukinunua gari la kutoka huko, usikubali muuzaji aondoke na nyaraka za zamani.

Hapo pana mtego mdogo. RAV4 ya kizazi cha 2013 hadi 2018 haikuuzwa Japani. Wajapani waliendelea na ile ya zamani mpaka 2016, kisha jina likapumzika hadi 2019. Kwa hiyo mtu wa yadi akikuapia kwamba RAV4 ya 2015 yenye umbo jipya "imetoka moja kwa moja Japani", mwombe nyaraka kwanza, chai baadaye.

Kuna pia ushahidi wa macho. Kwa desturi ya Japani, gari lililotengenezwa kwa mwito hubandikwa stika ndogo yenye namba karibu na kile chuma ambacho kufuli ya mlango wa dereva inakamatia. Fungua mlango, inama, tafuta. Stika ikiwepo, piga picha, namba yake inaeleza ni mwito upi. Isipokuwepo, usihitimishe lolote, stika hubanduka.

Katika miito yote, mmoja unastahili kukukosesha usingizi kama unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam: mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Ndani ya usukani mna kikopo cha chuma chenye kemikali inayolipuka kwa sehemu ndogo ya sekunde na kuujaza mfuko. Takata ilitumia amonia naitreti, ndugu wa mbolea ya kukuzia tunayomwagia mahindi, na kwenye vikopo vingi haikuweka kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ikipita, joto la mchana na ubaridi wa usiku vikipokezana penye hewa yenye maji, kemikali inachakaa na kuanza kuungua haraka mno. Siku ya ajali kikopo chenyewe kinapasuka na kurusha vipande vya chuma kwenye shingo na uso wa dereva. Wengine walikufa kwenye ajali ndogo za kugongana taratibu, ambazo mtu hushuka akagombana kidogo na mwenzake na kuendelea na safari. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 25, vikopo vilivyoitwa huko ni milioni 67 hivi, na Takata ikafilisika Juni 2017.

Wachunguzi wa Marekani waliyagawa majimbo kwa joto na unyevu, na ya pwani ya kusini, kama Florida, yakatangulizwa kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi. Hali ya hewa ya pwani yetu inashabihiana na huko zaidi kuliko Tokyo. Na magari yenyewe ni yaleyale tunayoyapenda: Honda CR-V za 2002 hadi 2011, RAV4 za 2004 na 2005, X-Trail za mwanzo, Forester za 2009 hadi 2013, si zote, ila nyingi. Tangu Mei 2018 Japani haitoi cheti cha ukaguzi kwa gari ambalo kikopo chake hatari hakijabadilishwa, lakini sheria hiyo haiyafuati yaliyoondoka kabla. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba haitoi dalili. Taa ya mfuko wa hewa inaweza kuwa imezimika vizuri tu, gari linavuta, breki zinashika, kila kitu safi.

Sasa, mafundi wetu wana ufumbuzi wa kila kitu, na hapa ndipo ninapowaogopa. Usimruhusu mtu afungue usukani gerejini "aangalie" kikopo hicho. Hakuna atakachokiona, na kinaweza kumlipukia. Usikubali kuwekewa mfuko uliokatwa kwenye gari lililopata ajali, kwa kuwa hujui nao ni wa nani na umezeeka kiasi gani. Na ukinunua gari ambalo taa ya mfuko wa hewa haiwaki hata sekunde moja unapofungua swichi, jua kuna mtu ameiondoa au ameidanganya.

Mwito mwingine nitautaja kwa kifupi. Mwaka 2012 Toyota iliita RAV4 za 2006 hadi 2011 huko Marekani, mamia ya maelfu, kwa sababu ya mikono ya saspensheni ya nyuma. Nati zisipokazwa barabara baada ya alaimenti, zinalegea, kutu inakula nyuzi, na mkono unaweza kukatika. Sisi tunafanya alaimenti kila baada ya shimo kubwa. Ukimaliza, mwombe fundi akuonyeshe kwa tochi nati za nyuma, na usimlipe kabla hujaziona.

Turudi kwenye malalamiko, maana hapa tunajipunja wenyewe. Mswahili akiudhiwa na gari lake humwambia fundi, jirani na abiria wa bodaboda, kisha analiuza. Halafu tunashangaa kampuni haijui. Lalamiko lenye kazi halina hasira ndani yake. "Gari linazimazima, kampuni hii ni matapeli" halimsaidii mhandisi yeyote. Linganisha na hili: "Tarehe 4 Machi, kilomita 118,300, spidi 60 hivi, lami kavu. Taa ya betri iliwaka, injini ikazima, usukani ukawa mzito. Liliwaka tena baada ya dakika kumi. Betri ilibadilishwa Januari." Ongeza namba ya chesisi, picha, risiti ya fundi, na usitupe kifaa kilichoharibika hata kama fundi anakitaka. Kifaa ndicho ushahidi.

Lipeleke kwa maandishi kwa wakala rasmi wa kampuni nchini, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri au barua pepe yenye tarehe. Jibu la kaunta kwamba "hilo ni la Japani, si letu" lisikutoshe, omba waliandike. Wakala anaweza kukubali kutengeneza, anaweza kukutaka uchangie, anaweza kukataa, lakini kukataa kwa maandishi kuna uzito ambao kukataa kwa mdomo hakuna. Tanzania, mlaji anaweza kwenda Tume ya Ushindani, na kama ni spea isiyokidhi viwango, Shirika la Viwango. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inamtaja mlaji kwa jina, na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inampa njia. Aliyekuuzia naye aandikiwe. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirisha si ushahidi kwamba miito ya gari imetekelezwa.

Wala usitegemee kila lalamiko lizae mwito. Wenye RAV4 za haiburidi za kuanzia 2019 huko Kanada na Marekani walilalamika sana kwamba chumvi ya barabarani inakula kiungio cha waya mkubwa wa umeme ulioko nyuma. Toyota haikuita magari. Iliongeza dhamana ya waya huo hadi miaka 8 au maili 100,000. Kwao ni nafuu. Wewe unayeinunua mtumba hapa, dhamana hiyo isikuhadae kwenye mazungumzo ya bei mpaka wakala wa hapa aseme anaitambua.

Siku ile tulimtafutia shemeji betri yenye saizi yake na kishikizo cha chuma, tukakikaza kwa spana mpaka betri ikaacha kucheza. Kisha tukafungua mlango wa dereva na kuinama wote wawili kama tunatafuta sindano. Palikuwa na alama ya gundi iliyokauka, ya umbo la duara, na stika yenyewe haikuwepo; waosha magari wameshapita hapo mara nyingi na madodoki yao. Akatoa simu, nikaanza kumsomea namba ya kwenye kibao polepole: A, C, A, thelathini na tatu, kistari.